Nani Yuko Nyumbani

3 Machi

Kwako mwanangu uliye ng'ambo,

Pokea salamu tele. Mimi mzima, sina neno, wasiwasi wangu ni wewe na hiyo baridi yenu. Unakula lakini? Najua utaguna kuona ujumbe mrefu hivi badala ya simu. Mwanangu, simu zetu mimi na wewe tunazijua: zinaanza kwa shikamoo na marahaba, zinaishia mmoja wetu amekata. Maandishi yana subira kidogo. Basi nimeketi hapa nabonyeza kwa kidole gumba kimoja, makosa utayavumilia.

Neno lenyewe ni hili, na usishtuke. Juzi asubuhi Baba yako alianguka bafuni. Nilikuwa natandika kitanda nikasikia kishindo kama gunia limeshushwa. Nikakuta amelala sakafuni, mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje, ananitazama kama mimi ndiye niliyekosea. "Nani ameegesha hapa?" akaniuliza. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikamwita jirani yetu wa teksi, yule ambaye Baba yako alimfundisha kuendesha. Akaja peku, akambeba kama mtoto hadi kwenye gari, tukaenda hospitali, chumba cha dharura.

Tulikaa kwenye benchi hadi mgongo ukasahau kazi yake. Baba yako hata pale alikuwa Mwalimu Klachi yule yule wa shule ya udereva. Kijana wa kusukuma machela akimpitisha mlangoni, yeye anamsomea: "Kona haikatwi hivyo! Fungua kwanza, halafu ingia." Daktari ni binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyesahau kitanda. Alisema maji mwilini yamepungua sana, kuna maambukizi kwenye mkojo, na presha inadondoka akisimama. Wakamtundikia dripu. Jua lilipozama akasema, "Mama, mnaweza kwenda." Maelezo alinipa akiwa anatembea, nami nakimbia nyuma yake na mfuko wa vidonge. Nusu niliyadaka, nusu yalibaki kwenye korido.

Tangu turudi hajatulia. Maneno yake yanaruka gia. Anatafuta funguo za gari alilouza zamani. Wametuambia kuna nesi ambaye kazi yake ni kuwafuatilia wazee waliotoka dharura, atakuja hapa nyumbani wiki hii. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Mama yako mdogo


4 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Natumai u mzima. Mimi sijambo. Nimesoma ujumbe wako ghalani nikiwa kati ya rafu, vijana wangu wakisubiri niwaambie wapakie nini, na nikasahau tulikuwa tunapakia nini.

Kwa nini nimeambiwa baada ya siku mbili? Mzee wa umri ule anaingiaje bafuni peke yake? Na hao wamemtoaje jioni ile ile, mtu ambaye hawezi kusimama? Huku mtu haondoki hospitali hivyo. Sikulaumu, nauliza.

Nitumie picha ya kila kidonge anachokula. Mrudishe kwa daktari mwingine, daktari mkubwa. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Na nimezungumza na kaka. Ana chumba kizuri kule kwake, cha chini, hakina ngazi, na wifi yuko nyumbani kutwa. Tumeonelea Baba ahamie huko. Kaka ataomba ruhusa ofisini kwake aje na gari. Naomba umfungashie nguo za kumtosha.

Binti yako


8 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Mimi mzima wa afya, nakushukuru kwa kuniuliza. Picha za vidonge nimekutumia, ile iliyotoka na kidole changu ipuuze.

Nesi amekuja. Ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Baba yako akamkagua kutoka kwenye kiti chake, akauliza, "Umekuja kwa mtihani?"

"Ndiyo, Mwalimu," nesi akajibu bila kusita, "ila leo mtahiniwa ni wewe."

Akanyamaza! Tangu nimjue sijamwona akinyamazishwa na mtu yeyote isipokuwa askari wa barabarani.

Alimpima presha akiwa amelala, akampima ameketi, akampima amesimama, na mimi mwenyewe nikaona namba zinavyoporomoka. Akamwambia, "Mwalimu, hili gari haliwashwi likaondoka hapo hapo. Lipashe moto. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda. Tikisa miguu. Vuta pumzi. Ndipo unyanyuke." Akaenda bafuni, akatoka amekishika kile kizulia changu cha bluu kwa ncha za vidole kama mkia wa panya. "Hiki kiondoke leo, mama." Kisha akataka kuona vidonge. Vya maambukizi vilikuwa pungufu sawasawa na siku, nikawa najisifu moyoni. Nesi akatazama kopo la maua dirishani, akachokoa udongo kwa ncha ya kalamu, na hapo vikaonekana vimelala mstari kama mbegu. Kumbe mzee anavificha shavuni, mimi nikigeuka anavipanda! Sasa anameza nikiwa mbele yake, na anafungua mdomo nione.

Alipokuwa anafunga mkoba akanigeukia mimi. "Na wewe mama, je?"

"Mimi mzima."

"Sikukusalimia. Nimeuliza, unakula saa ngapi?"

Nikacheka, nikamletea maji ya kunywa. Atapiga simu Alhamisi kujua tunaendeleaje.

Sasa la kaka yako. Mwanangu, nilimuuliza nesi kuhusu kuhama. Alisema kwa sasa akili ya Baba yako iko njia panda kwa sababu ya yale maambukizi, na mtu wa namna hiyo ukimpeleka nyumba asiyoijua, anaweza kupotea zaidi. Amalize dawa kwanza, apate nguvu, ndipo mzungumze. Hapa anajua kuta zilipo. Ukimzimia taa bado anafika chooni. Naomba mnipe muda. Sikatai, naomba.

Mama yako mdogo


9 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumai hamjambo. Mimi mzima.

Nesi kuja mara moja na kupiga simu siyo matunzo. Siku zote hizo mzee amekuwa akipanda dawa kwenye maua na wewe uko chumba hicho hicho. Sasa unaniambia niwe na imani?

Kaka anakuja Jumamosi ijayo na hilo halina mjadala tena. Naomba nikwambie ukweli, kwa sababu wewe mwenyewe umesema maandishi yana subira. Mimi na kaka ni damu yake. Wewe ulimkuta. Ulimkuta na nyumba yake, na viti alivyonunua mama yetu, na mama hata mwaka hajamaliza kaburini. Hatukusema neno wakati ule kwa sababu Baba alikuwa anacheka tena. Lakini mtu wa kuamua Baba akae wapi katika hali hii siyo wewe.

Tafadhali mfungashie na sweta lake zito.

Binti yake Baba


13 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Hujanijibu, na najua kwa nini. Nilikuwa na hasira, na hasira ikishika simu haijui kufuta. Lakini usimfanye Baba alipe deni la maneno yangu. Niandikie mstari mmoja tu. Anakula? Maneno yake yametulia?

Binti yako


14 Machi

Mama Mdogo, pokea simu. Nimepiga tangu nitoke kazini. Jirani wa teksi naye hapokei. Kama ni matusi nitukane, nitayapokea yote. Pokea tu.

Binti yako


16 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Hatimaye nimepata pumzi. Kaka amenipigia. Baba yuko kwake tangu jana, ameoga, amekula, ana televisheni ukutani. Namshukuru Mungu. Kaka anasema ulianguka kidogo, ukapelekwa hospitali, na unaendelea vizuri. Pole sana. Uzee huo, tusikimbie kimbie.

Naona yametokea ya kutokea na labda ni heri. Wewe nawe upumzike. Kaka aliondoka kwa haraka, kuna vitu vimebaki. Ukitoka, tunaomba viatu vya Baba vya ngozi, miwani ya kusomea, na kile kijaluba cha kadi zake za hospitali. Jirani wa teksi anaweza kuvipakia kwenye basi.

Binti yako


19 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Natumaini baridi imepungua na kazi inakwenda. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo nitaandika nipumzike, niandike nipumzike. Leo nitakueleza yote, halafu basi.

Nina kisukari. Tangu mwaka juzi. Hukujua kwa sababu sikukwambia, na sikukwambia kwa sababu hatukuwa na mazungumzo ya kubeba jambo kama hilo. Alhamisi ile niliamka mapema. Baba yako alikuwa amelowesha shuka, nikazifua. Nikameza vidonge vyangu vya sukari, nikasema nitakula nikishamlisha yeye. Yeye naye kidonge hataki, maji hataki, anataka kujua wanafunzi wamefika. Tulibishana hadi akakubali. Nikaenda jikoni kujikatia mkate. Nikaona ukuta unanisogelea, mwepesi, kama pazia. Baada ya hapo mimi sikuwepo, nakusimulia ya kuambiwa.

Nesi alipiga kama alivyoahidi. Anasema iliita hadi akataka kukata, ndipo ikapokelewa.

"Shule ya udereva," Baba yako akasema.

"Mwalimu, mimi ni yule mtahini wako. Mama yuko wapi?"

"Amelala jikoni."

"Amelala wapi jikoni?"

"Chini. Nimemwita haitiki. Nadhani nimemuudhi."

 Nesi akamwashiria mwenzake apige simu ya gari la wagonjwa, lakini alikuwa anaijua nyumba yetu: mlango una komeo kwa ndani. Na mzee ndiye huyo, akisimama presha inaporomoka. Akianguka naye, wataanguka wawili nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mwalimu," akamwambia, "leo ndiyo barabarani. Uko kwenye kiti?"

"Niko."

"Weka miguu sakafuni. Usiondoke. Vuta pumzi. Tena. Sasa shika meza, nyanyuka taratibu."

"Gia gani?"

"Ya kwanza. Ole wako uingize ya pili kabla sijakwambia."

Wakaenda hivyo, mwanangu. Yeye na simu sikioni, mkono mwingine ukutani, anatangaza kila anachopita: nimefika kabatini, nakata kushoto, mbele kuna kiti kimeegeshwa vibaya. Nesi anasema alitamani kupiga kelele "kimbia!" na alijua akisema hivyo ameniua. Sijui walichukua muda gani. Komeo lile ni gumu, hata mimi hulipiga na kisigino cha mkono. Alilifungua. Akasimama mlangoni akaita barabarani, sauti ile ya zamani ya uwanja wa mazoezi, "Wewe mwanafunzi! Njoo hapa!" Jirani wa teksi akatoka na sabuni usoni. Ndiyo maana hakupokea simu yako siku ile, alikuwa na mimi, na mkewe alikuwa na Baba yako.

Nasikia mzee hakukubali kuirudisha simu. "Nimefaulu?" alikuwa anauliza. "Nimefaulu au nirudie?" Nesi akamwambia amefaulu, ndipo akakaa chini akaiachia.

Kaka yako alipigiwa na jirani, akaja Ijumaa badala ya Jumamosi. Alisimama kitandani kwangu, akanishika kidole cha mguu juu ya shuka kwa sababu hakujua pa kunishika. Akasema anamchukua Baba. Sikubisha. Ningembishia kwa mkono upi? Nilimwomba aniletee nimwone kwanza. Akasema amelala garini, ameshasumbuka sana, afadhali asiamshwe. Nikasema sawa.

Jumapili wakaniruhusu. Muuguzi wa wodi alikuwa anawaruhusu wengi, nyuma yangu kulikuwa na bibi kwenye kiti cha magurudumu anasubiri kitanda changu. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Nani yuko nyumbani?" Baba yako alipotoka waliuliza hivyo hivyo, na mimi nilijibu haraka, kwa fahari, "Niko mimi." Safari hii nikafungua mdomo na jibu halikuwepo. Mwanangu, kuna maneno mtu hawezi kuyasema mbele ya wageni. Nikasema, "Mume wangu." Akaandika. Kwa kuwa nina mtu na akili yangu haijayumba kama ya Baba yako, sikuwekwa kwa nesi wa kufuatilia.

Basi niko hapa. Jirani alinishusha mlangoni akakimbilia abiria wake, nilimwambia mimi mzima. Siwezi kufunga vifungo vya nguo, navaa kanga. Siwezi kunyanyua sufuria. Kifuniko cha chupa ya vidonge nimekishinda kwa meno. Nakula mkate, nakula kwa saa kama nilivyoagizwa, na nalala kwenye kiti kwa sababu nikilala chali naogopa kwamba nikizimika hakuna wa kujua. Hii siyo lawama. Kila salamu huuliza hali, nami nimezoea kujibu "mzima", leo nimechoka kujibu hivyo.

Uliandika kwamba nilimkuta. Ni kweli. Nataka nikwambie jambo moja kuhusu hilo. Siku tuliyorudi kutoka dharura, Baba yako aliniita kwa jina la mama yenu. Siyo mara moja. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anamtaka yeye. Ningeweza kumsahihisha. Niliitika. Nikaitika kila alipoita, hadi akalala. Sikufanya hivyo kuiba jina la mtu. Nilifanya kwa sababu alihitaji aitikiwe.

Vitu ulivyoagiza nimevifunga kwa mkono mmoja, jirani amevipeleka kwenye basi. Mwambie kaka yako haya, ayashike. Maji ukimwambia ni maji hanywi, mwambie ni chai ya baridi. Asubuhi akae ukingoni mwa kitanda, asiruke. Kidonge kikiingia, afungue mdomo. Akitafuta funguo, msimwambie gari liliuzwa, mwambieni liko kwa fundi. Na akiwa na hofu, mshike mkono wa kulia, wa kushoto hapendi ushikwe, ndio wa gia.

Ni hayo tu. Sihitaji kujibiwa.

Mama yako mdogo


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu naijua: mke wa jirani ananipigia kila asubuhi na kila jioni. Mimi ndiye niliyemwomba aje alale kwako tangu Jumatano. Ameniambia ulimkatalia mlangoni ukamwambia wewe mzima, akaingia tu. Usimfukuze, tafadhali. Na ujue anakuhesabia vipande vya mkate.

Naandika nikiwa sebuleni kwa kaka. Ndiyo, nimekuja. Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nikasimama, mara ya pili nikakaa sakafuni kati ya maboksi. Kijana wangu mmoja akauliza kama kuna aliyefariki. Nikamwambia hapana, ila nimemwacha mtu peke yake. Bosi wangu alipoanza kueleza kwamba huu ni msimu wa mzigo mwingi nikamwambia mzigo wangu uko kwingine. Nimefika jana.

Nilimkuta Baba nje, kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, amevaa vile viatu vya ngozi ulivyotuma. Wifi anasema tangu vifike anavivaa akiamka tu, anatoka, anakaa hapo kutwa. Kula anakulia hapo. Ana jeraha juu ya nyusi. Alianguka siku ya pili, kaka hakuniambia, kama ambavyo nisingejua mengine yote kama wewe usingeniandikia.

Nikapiga magoti mbele yake nikamsalimia. Alinitambua, Mama. Akanishika shavu, akasema nimekonda. Nikamuuliza, "Baba, unamngoja nani hapa juani?"

Akanitazama kwa macho yake kabisa, yale ya zamani, hayana ukungu hata kidogo. "Mke wangu. Mmemweka wapi?"

Nilifikiri anamzungumzia mama yangu. Nikaanza kutafuta maneno. Akanikatiza kwa ukali, "Yule aliyeanguka jikoni. Nilimfungulia mlango, wakambeba, na hakuna aliyeniambia kitu. Amekufa?"

"Hajafa, Baba."

"Basi mmemweka wapi?"

Kaka alikuwa mlangoni, amesikia. Akaingia ndani, nikamfuata, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nikamkuta amesimama jikoni amegeukia ukuta. "Anauliza hivyo tangu siku ya kwanza," akaniambia. "Nilidhani ni kuweweseka. Nilikuwa namjibu yuko safarini. Dada, mimi natengeneza mabomba ya mji mzima, mtu akinipigia kwamba maji yanavuja najua pa kuanzia. Huyu analia na mimi najifungia chooni." Kaka hakumchukua kwa ubaya. Alifikiri anaokoa mtu kwenye nyumba inayoungua, na akaokoa mmoja kati ya wawili. Na mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza kwa simu.

Nimezungumza na kaka na wifi hadi tumeelewana. Kesho tunamrudisha Baba nyumbani, kwenye kuta zake. Mimi nitakaa hapo hadi plasta yako itolewe, na siku kadhaa zaidi hadi tujue nani anafanya nini nikiondoka. Kaka atakuja kila mwisho wa wiki. Ameshapima kwa macho, anasema atafunga vyuma vya kushikia bafuni kwa mabomba ya kazini kwao yaliyobaki, ukuta utang'oka kabla havijang'oka. Mke wa jirani amekubali kuja asubuhi wakati wa dawa, za Baba na zako. Zako pia, Mama. Utakula kwanza, Baba atasubiri, hata akisema wanafunzi wamefika.

Neno lile nililokuandikia kuhusu viti vya mama yangu na kaburi lake, silifuti kwa sababu umeshalisoma. Ningependa kulisema mbele yako, nikiwa nimeketi, ili ukitaka kunijibu usibanwe na kidole gumba. Na ile habari ya kuitika kwa jina lake. Nilimsimulia kaka jana. Aliinuka akazima televisheni. Halafu akasema, "Mimi nilimsahihisha."

Leo asubuhi nimempigia yule nesi. Nilikuwa nataka tu kumshukuru, nikajikuta nalia, naye akasubiri hadi nikamaliza. Nikamwambia kuna mzee mwingine aliyetoka dharura, ambaye aliruhusiwa, ikaandikwa kwamba ana mtu nyumbani, na hakuwa naye. Nikampa jina lako lote. Akaniuliza dawa zako, umri wako, mkono upi. Nikajibu niliyoyajua, na niliyoyajua yalikuwa machache hadi nikaona haya. Mwishoni akauliza, "Na wewe ni nani wake?"

Dirishani nilikuwa namwona Baba getini, anangoja.

Nikamwambia mimi ni mtoto wake. Atakuja Jumanne, kukuona wewe kwanza, Baba baadaye.

Kesho usipike. Usifue shuka, usitandike vitanda, usisimame mlangoni kutungoja. Tutakuta ulivyo. Tutaondoka hapa alfajiri ili tuwahi kabla ya jua kali. Baba nimemweleza mara tatu kwamba ni kesho. Ameitikia vizuri kabisa, kisha ameenda kukaa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kaka, na viatu vyake miguuni, na hataki kushuka.

Mwanao